Sura ya 6: Nasugua Kila Jumamosi, Mbona Mwani Unarudi?

Swali hili huja na picha. Simu inalia, nafungua, nakuta tangi la kioo limeota nyuzi za kijani kama majani ya Kongwa baada ya mvua za kwanza, na chini yake maneno yale yale: "Kaka, nasugua kila Jumamosi. Ikifika Jumatano pamerudi hivi. Nakosea wapi?"

Wa karibuni kuniuliza ni mtumishi wa serikali anayekaa Kisasa. Ofisi yake ilipohamia Dodoma naye akahama, ila bahari ikabaki Dar es Salaam. Akaamua kujitengenezea kipande chake sebuleni: tangi la lita 200 la maji ya chumvi, mawe, mchanga mweupe, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na vipande vitano vya matumbawe alivyopewa na mfugaji mwenzake aliyevikuza mwenyewe. Miezi miwili ya mwanzo wageni walikuwa wakiingia ndani na kusahau kusalimia. Mwezi wa tatu mke wake alilifunika tangi kwa kitenge.

Sura hii ni jibu lake, na ni refu kuliko alivyotaka. Wewe mwenye tangi la maji baridi, au bwawa la perege nyuma ya nyumba, au simtanki linalotoa maji ya kijani, usiruke kurasa. Kwa sehemu kubwa ugonjwa ni mmoja, na pale njia zinapoachana nitasema.

## Huyu mwani ni nani?

Pwani neno hili lina heshima yake. Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, na tangu hapo kuna wanawake wengi waliosomesha watoto kwa kamba na vigingi vilivyochomekwa kwenye maji ya kupwa. Mwani ule unashikika mkononi. Lakini ukoo wake ni mkubwa, na wengi wao ni wadogo kiasi kwamba huwaoni bila hadubini mpaka wawe mamilioni. Hapo ndipo unasema maji yamekuwa ya kijani. Wote hutengeneza chakula chao kwa mwanga, kama mahindi yanavyofanya, ila hawana mizizi, maua wala mbegu. Chembe moja iliyoshika kwenye jiwe inatosha kuanzisha kijiji.

Mwani unahitaji mwanga na mbolea, basi. Mbolea zinazotuhusu ni mbili, na ni zile zile anazonunua mkulima wa Kibaigwa kwenye mfuko wa DAP: naitrojeni na fosforasi. Kwenye tangi naitrojeni huingia kwa mdomo wa samaki. Anakula, anatoa amonia, ambayo ni sumu, yenye harufu ile ya mkojo uliolala. Bakteria wema wanaoishi kwenye mawe na mchanga huichukua amonia na kuigeuza kwa hatua hadi kuwa naitreti, kitu kipole ambacho samaki anaweza kuvumilia. Wengi hufurahi wakifika hapo, wakadhani uchafu umekwisha. Umebadili shati tu. Fosforasi nayo hujitokeza kwenye maji kama fosfeti, na karibu chakula chote cha samaki kinayo.

Ipi kati ya hizo mbili ina nguvu zaidi? Mwaka 1973, huko Kanada, watafiti walichukua ziwa dogo lenye kiuno chembamba katikati, lililokuwa likijulikana kwa namba tu, Ziwa 226, wakalikata vipande viwili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia hizo hizo, wakaongeza fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani inaeleweka hata kwa mtoto: nusu moja maji meusi ya kawaida, nusu nyingine uji wa kijani. Kwenye maji ya chumvi naitrojeni nayo ina sauti kubwa, kwa hiyo mfugaji wa matumbawe anazipima zote mbili, lakini mimi nikiwa na fedha ya kipimo kimoja tu bado nitanunua cha fosfeti.

## Tangi lako ni Bahi ndogo

Ukitoka Dodoma kwa gari kuelekea Manyoni unapita Bahi. Mto Bubu unashuka kutoka kaskazini, unaingia kwenye bonde lile, na hapo safari yake inaishia. Hauendi baharini. Maji yanatoka kwa njia moja tu, kuelekea angani, na jua linapoyabeba halibebi chumvi. Ndiyo maana Wagogo wa huko wamekwangua chumvi ardhini tangu zamani, na ndiyo maana heroe, wale ndege wenye rangi ya waridi na miguu mirefu, hutua maeneo kama hayo kula viumbe jamii ya mwani vinavyostawi kwenye maji makali.

Tangi la kioo halina mto unaotoka. Kila kitu kilichoingia humo kimo humo mpaka wewe ukitoe kwa mkono wako: chakula, vumbi la dirishani, majivu ya sigara ya mjomba, na zaidi ya vyote, maji ya kujazia.

Hapo kwenye maji ya kujazia ndipo wafugaji wa Dodoma wanapoumia kuliko wa Tanga au Mombasa. Hewa yetu ni kavu. Mwezi wa Oktoba upepo unavuma, ngozi inapasuka, na tangi la jamaa wa Kisasa lilikuwa likipoteza lita 3 kwa siku. Kinachopotea ni maji matupu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unajazia maji baridi, ili ukali wa chumvi urudi kwenye gramu 35 hivi kwa lita. Hilo alikuwa analifanya vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa ni maji gani.

Nyumba aliyopanga ina kisima uani. Maji yake ni matamu, yanapikia chai nzuri. Tulipoyapima yalikuwa na naitreti miligramu 30 kwa lita. Kwa kunywa hayana neno, maana kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni 50. Wala si ajabu kwa mji huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta naitreti nyingi kwenye baadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Dodoma, na ukaelekeza kidole kwenye majitaka yanayozama kutoka juu. Mji unakua, vyoo vya shimo vinaongezeka, na mvua inayonyesha miezi michache ya mwaka inabeba kilichomo kwenda chini taratibu. Maji ambayo mtoto wako anakunywa bila shida yanaweza kuwa mbolea kamili kwa tangi lako.

Sasa tufanye hesabu, maana hii ndiyo iliyomkalisha chini.

Tangi lake la lita 200 lilikuwa na naitreti 40. Kila Jumamosi alitoa lita 20 na kuweka lita 20 mpya alizochanganyia chumvi. Kama maji mapya yangekuwa safi, 40 ingeshuka hadi 36. Lakini maji mapya yalikuwa na 30, kwa hiyo 40 ilishuka hadi 39. Jasho lote lile, ndoo na mpira na sakafu iliyolowa, kwa pointi moja. Halafu kuanzia Jumapili anajazia lita 3 kila siku. Kwa wiki ni lita 21, kila lita na miligramu zake 30, jumla miligramu 630. Zigawanye kwa lita 200, unapata nyongeza ya 3 na ushee. Ameshusha moja, amepandisha tatu, na hapo bado hatujawalisha samaki.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ningekaa tu bila kufanya kitu ningekuwa nafuu?" Karibu na ukweli.

Kwa ufupi: kabla ya kununua kifaa chochote, pima maji unayojazia. Sio ya tangini, ya ndooni.

## Maji safi yapatikane wapi?

Dawa ya kudumu ni mashine ya RO, kama wanavyoiita wauza maji ya chupa. Inayasukuma maji kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, maji yanapita, naitreti na chumvi nyingi zinabaki nyuma. Mashine ndogo ya nyumbani hutupa lita kadhaa ili kupata lita moja safi, jambo linalouma katika mji unaoishi kwa mgao. Yale yanayotupwa yakinge: yanadeki, yanasukuma choo, yanamwagilia mchicha, na mchicha unaipenda naitreti kuliko sisi tunavyoichukia.

Mvua ni ya bure, na kwenye maji ya mvua naitreti ni kidogo sana. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 hukinga karibu lita 5,000, simtanki kubwa zima. Ila Dodoma inapata milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzima, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mvua ya kwanza inaosha vumbi la miezi saba. Iache ipite. Kuna onyo jingine kwa wenye matumbawe peke yao: mabati yamepakwa zinki, na zinki kidogo isiyomdhuru binadamu inaweza kuua konokono na kamba wa tangini. Maji ya bati yapitishe kwenye mashine kwanza. Mwenye samaki wa maji baridi anaweza kuwa mlegevu zaidi hapa, ingawa konokono wake nao hawaipendi.

Na chumvi? Chumvi ya mezani haifai hata kwa dharura. Maji ya bahari yana kalisi, magnesi na madini mengine ambayo tumbawe hujengea mifupa yake. Chumvi ya jikoni kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja tu. Kwa lita 200 utahitaji kilo 7 za chumvi maalumu ya matangi.

## Jua

Kuhusu jua sitasema mengi, kwa sababu kila mtu wa Dodoma analijua. Tangi lisikae mbele ya dirisha la magharibi. Taa za tangi ziwake kwa saa 8 kwa siku, si 12. Weka swichi ya saa, ile inayozima yenyewe, kwa sababu wewe utasahau na watoto wataomba iwashwe wageni wakija.

Simtanki ndiyo mfano ulio wazi kuliko wote. Simtanki jeupe au la rangi nyepesi hupitisha mwanga, na ndani yake maji yanageuka kijani na kunuka matope. Jeusi halipitishi, na maji hukaa miezi bila kuota kitu, ingawa ni maji yale yale yenye mbolea ile ile. Kwa hiyo mwenye simtanki ameshapata jibu lake: lisafishe, lifunike, lipake rangi nyeusi, funga sura hii. Mwenye matumbawe hana bahati hiyo. Ndani ya nyama ya tumbawe kunaishi mwani mdogo sana unaotengeneza sukari kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wake. Tumbawe ni mnyama anayefuga mwani mwilini. Ukizima jua kabisa unamnyima chakula, na ukimwaga sumu ya kuua mwani wote unaua na ule anaouhitaji.

Giza la siku tatu, hata hivyo, matumbawe yenye afya huvumilia. Tutalitumia muda si mrefu.

## Rangi inasema nini

Usiseme tu "kuna mwani". Angalia rangi, papasa kwa kidole.

- Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole, kwenye tangi lenye umri wa wiki chache. Huyu anajenga gamba lake kwa silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na maji ya visima. Mwache. Silika ikipungua anaondoka mwenyewe. Watu wengi wanalivunja tangi kwa hofu hapo, na ni hasara tupu.
- Utando wa kijani kwenye kioo. Hii ni kawaida ya maisha. Kwangua kila baada ya siku mbili au tatu, endelea na mambo yako.
- Nyuzi za kijani kama nywele, zilizoshika mawe. Huyu ndiye adui wa jamaa wa Kisasa, na ndiye anayekuambia mbolea imezidi.
- Utando mwekundu au wa zambarau unaoteleza kama kamasi, unavulika kama ngozi na kutoa vipovu. Huyu kwa kweli si mwani. Anaitwa sayanobakteria, ni bakteria anayetumia mwanga, na ukoo wake ndio uliojaza hewa ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Hupenda pembe ambazo maji hayatembei. Ongeza mkondo, mnyonye kwa mpira, kisha lipe tangi giza la siku tatu.
- Vibofu vya kijani vinavyong'aa kama zabibu mbichi. Usivipasue ndani ya maji; kinachotoka ndani huanzisha vingine. Toa jiwe zima, ving'oe nje.

## Swaswa chini ya kabati

Majitaka ya mabomba ya Dodoma huishia kwenye mabwawa ya Swaswa. Ukipita karibu utaziba pua na kusema pamechafuka, kumbe ndiyo kazi yake. Maji yanakaa juani siku nyingi kwenye mabwawa mapana. Mwani unastawi, unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia oksijeni hiyo kuozesha uchafu. Hakuna mashine kubwa, hakuna bili ya umeme ya kutisha. Mji umeamua wapi mwani uote, ukaupa nafasi na jua, ili ufanye kazi.

Mfugaji wa matumbawe anaweza kufanya hivyo hivyo ndani ya kabati. Chini ya tangi kubwa weka tangi dogo, lita 30 zinatosha, pampu ikizungusha maji juu na chini. Ndani yake tia mwani wa nyuzi ngumu, zilizoshikana kama waya wa kusugulia masufuria. Wafugaji wanauita keto. Uwekee taa yake, iwake usiku wakati ya juu imezimwa. Keto inakula naitreti na fosfeti zile zile ambazo nyuzi za juu zingekula, na kwa kuwa ina mwanga mkali na haina anayeisumbua, inashinda mashindano. Kila wiki mbili unavuna nusu yake na kuitupa. Hapo ndipo umepata ule mto wa kutokea ambao Bahi haina.

Kuvuna ndiko kwenye maana. Nimeona watu wenye keto nzuri, wanajivunia, hawaikati kwa sababu inapendeza. Ikibanana, ya chini inakosa mwanga, inaoza, na kila ilichokula inakirudisha majini.

Kosa hilo hilo ndilo la kusugua Jumamosi. Ukisugua jiwe kwa mswaki ndani ya tangi, nyuzi zinaelea, zinanaswa kwenye pampu, zinaoza. Umenyoa kichwa na kuacha nywele kwenye shuka. Ng'oa kwa vidole huku mkono wa pili umeshika mpira unaonyonya maji, ili kila uzi uliong'oka uende ndooni. Au toa jiwe lisilo na tumbawe, lisugue kwenye beseni la maji ya chumvi, suuza, rudisha.

Chombo cha pili cha kutolea uchafu ni kiengua povu. Mpishi wa maharage anakielewa bila maelezo: povu linapanda, unaliengua, unalimwaga. Kifaa hiki hupuliza vipovu vidogo mno ndani ya bomba lenye maji ya tangi, uchafu laini unanata kwenye vipovu, unapanda hadi kikombe cha juu ukiwa maji ya kahawia yenye harufu mbaya kweli kweli. Kinafanya kazi kwenye maji ya chumvi tu. Maji baridi hayatoi povu la namna hiyo. Kinakamata chakula na kinyesi kabla havijaoza kuwa naitreti, ndiyo sababu ni afadhali kuwa nacho mapema.

Mkono unaolisha nao uangaliwe. Chakula cha barafu kiyeyushe kwenye kichujio cha chai, mwaga yale maji yake. Lisha kinachokwisha kwa dakika mbili. Wageni, kwa uzoefu wangu, ndio mbolea namba moja: kila mtoto anayekuja kusalimia anataka kuwarushia samaki kitu, na nani atamkatalia mtoto wa shemeji? Nina kikopo chenye punje tano tu kwa ajili hiyo.

## Walaji

Baharini mwani haupungui kwa mswaki. Unaliwa. Wakulima wa mwani Unguja wanamjua tasi kwa uchungu, anavyoingia shambani mchana kweupe. Kangaja naye ni mlaji hodari, na pono anakwangua mawe kwa ule mdomo wake kama wa kasuku.

Kinachotokea walaji wakiondoka kilionekana Karibi. Kuanzia mwaka 1983 ugonjwa uliwapitia wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi, wanaochoma nyayo za waogeleaji hata huku kwetu. Katika mwaka mmoja hivi zaidi ya asilimia 90 wakawa wamekufa. Jamaika, ambako samaki walaji wa mwani walikuwa wameshavuliwa kupita kiasi na kimbunga cha 1980 kilikuwa kimeshavunja matumbawe, hakukubaki wa kukwangua. Mwani uliokuwa umefunika asilimia 4 ya miamba mwishoni mwa miaka ya 1970 ukawa umefunika asilimia 92 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chumbe, kisiwa kidogo kusini magharibi mwa Unguja ambacho mwamba wake ulifanywa hifadhi isiyovuliwa mwaka 1994, kinakuonyesha sura ya pili: walaji wapo, na matumbawe yana nafasi ya kupumua.

Lakini usikimbilie kangaja. Anahitaji tangi kubwa kuliko sebule nyingi zinavyoruhusu. Kwenye lita 200 atazunguka kama mfungwa. Konokono wa baharini ndio saizi yetu, kumi kwa kuanzia. Ukiweka hamsini watamaliza mwani kwa wiki mbili, kisha watakufa njaa mmoja mmoja nyuma ya mawe, na konokono aliyeoza ni amonia. Ukiwa na rafiki anayekwenda pwani, usimtume akuchukulie tumbawe hai baharini. Kufanya hivyo bila kibali ni kosa, na matumbawe magumu yako chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Vipande vya mfugaji mwenzako vinazoea tangi haraka zaidi hata hivyo.

## Ile chupa

Nilinunua chupa ya kuua mwani mwaka wangu wa kwanza. Muuzaji aliapa. Nilifuata vipimo, asubuhi nyuzi zilikuwa zimepauka, nikamwita jirani aje aone. Jioni konokono walikuwa wamelala chali. Usiku samaki walikuja juu kuhema, maana mwani mwingi ukifa kwa mkupuo unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Baadaye nilisoma maandishi madogo nyuma ya lebo: shaba. Shaba huua viumbe wasio na uti wa mgongo kwa kiasi kidogo sana, na hunywea kwenye mawe na mchanga. Mawe yale sikuyatumia tena kwenye tangi la chumvi.

Kuna dawa zisizo na shaba, na mara moja moja zina nafasi yake. Ila mwani uliokufa umeacha mbolea yake majini, inamsubiri mrithi.

Kosa la upande wa pili ni la wale waliosoma sana. Wanashusha naitreti na fosfeti hadi sifuri, kipimo hakigeuki rangi, wanasherehekea, na matumbawe yanaanza kupauka kwa njaa, na mara nyingi utando mwingine wa kahawia wenye sumu, mgumu kuliko nyuzi, unajitokeza mahali ambapo hakuna mshindani. Mimi hulenga naitreti kati ya 2 na 10, na fosfeti chini kidogo ya 0.1. Mbolea kidogo iwepo.

Mwenye bwawa la perege, hapa tunaachana kabisa. Wewe unautaka ukijani. Ndio chakula cha samaki wako, na ndiyo maana unatia samadi. Zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni pale maji yanapofika kiwiko, bwawa liko sawa. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, acha samadi na uongeze maji, kwa sababu usiku mwani nao unavuta oksijeni, na alfajiri utawakuta perege wanapigania hewa juu.

## Alichofanya jamaa wa Kisasa

Tulikubaliana mambo machache, na nikamwomba asiongeze jingine lolote kwa miezi mitatu:

1. Mashine ndogo ya RO. Hakuna tena tone la kisima tangini.
2. Lita 40 kubadilishwa kila wiki badala ya 20, kwa wiki sita za mwanzo.
3. Kung'oa nyuzi kwa vidole na mpira.
4. Taa kwa saa 8. Kulisha mara moja kwa siku.
5. Tangi dogo la keto chini, na konokono kumi.

Wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kama ninavyowaonya wote. Mawe huwa yamenyonya fosfeti kwa miezi, na maji yakishakuwa safi yanaanza kuitapika. Alinipigia akiwa na hasira, akaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa nayo, lakini naijua hofu ile. Wiki ya tano nyuzi zilianza kuwa fupi na za rangi ya majivu, na konokono, ambao mwanzoni walikuwa wanazikwepa kwa urefu wake, wakaanza kuzila. Naitreti ilisoma 20, baadaye 10. Maji ya chumvi yaliyotolewa alikuwa akiyamwaga kwenye choo cha uani. Nilimkataza kuyamwaga chini ya mzabibu wa mwenye nyumba, kwani ardhi ya Dodoma ina chumvi yake ya kutosha.

Wiki ya kumi na moja ilikuja picha. Kitenge hakipo. Mbele ya tangi kuna sahani ya kula wali, imejaa keto, na ameandika: "Kaka, mavuno ya kwanza. Mama mkwe yuko hapa, anauliza inaungwa kwa nazi au kwa karanga?"